Mgeni wa Mungu na Mgeni wa Mkataba: Kijiji Kinapofungua Nyumba Zake kwa Watalii

Swali la kwanza lililofikishwa mbele ya kamati ya msikiti wetu kuhusu utalii halikuwa la fedha wala la mavazi. Lilikuwa swali la adabu. Mzee mmoja, ambaye mlango wake haujapata kufungwa kwa mpita njia tangu sisi tupate akili, aliuliza iwapo inamjuzia Muislamu kumlaza mgeni chini ya dari yake, akamlisha wali wake, kisha kulipokucha akamnyooshea mkono kumdai. Vijana walioleta pendekezo walikuwa wamejitayarisha kwa hoja za bei, za barabara na za intaneti. Kwa hili hawakuwa na jibu, na shauri likaahirishwa wiki mbili ili litazamwe na wenye elimu.

Tangu hapo tumepokea wajumbe kutoka vijiji jirani wanaotaka kujua tulifikia wapi. Wengine wameambiwa kwamba tumefungua hoteli. Wengine, kwamba tumekataza wageni. Yote mawili si kweli. Kilichopo ni nyumba nne, kila moja na chumba kimoja cha mgeni, masharti yaliyoandikwa katika daftari la kamati, na msimu mmoja uliokwisha kupita. Tunaona ni bora tuyaeleze haya kwa kalamu kuliko kuyaacha yazunguke kwa midomo.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya kisiwa cha Pemba, mwendo wa miguu kutoka Hifadhi ya Msitu wa Ngezi. Watalii wamekuwa wakipita hapa kwa miaka mingi. Huja asubuhi kwa gari ya kukodi kutoka Chake Chake, huingia msituni, huenda kuoga pwani ya Vumawimbi, na kabla ya alasiri huwa wamesharudi. Wanachotuachia ni vumbi na, siku ikiwa njema, bei ya chupa ya maji. Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni laki saba kutoka nje mwaka 2024. Pemba hupata sehemu ndogo sana ya hao, na hao wachache hulala zaidi katika hoteli za pwani ambazo watu wetu huziona kwa nyuma ya ukuta.

Upande wa pili wa mizani wamo watoto wetu. Mkarafuu hauna ahadi: mwaka huu hubeba hata matawi yakainama, mwaka ujao mwenye shamba hapati hata ujira wa wachumaji. Mwani, ambao akina mama wa visiwa hivi wameulima kwa biashara tangu mwisho wa miaka ya 1980, bei yake haijawahi kulingana na maumivu ya mgongo. Basi kijana akimaliza skuli hupanda boti kwenda Unguja, kutafuta kazi ya hoteli Nungwi, Kiwengwa au Paje, na wazazi wake humuona siku ya Idd. Ndiyo maana vijana waliposema kwamba mgeni anaweza kuja kulala kwetu badala ya wao kwenda kumtandikia kitanda kwingine, hakuna aliyecheka.

UKARIMU NA IJARA

Tuliporudi kukutana, shekhe wetu hakuanza na fedha. Alianza na Nabii Ibrahim (AS) na wageni aliowapokea bila ya kuwajua, kama Qur'ani inavyosimulia katika Suratudh-Dhaariyaat: aliondoka kimya kimya kuwaendea watu wake, akarudi na ndama aliyenona, akamsogeza mbele yao. Hakuwauliza watokako wala watakuwa siku ngapi. Kisha akataja mafundisho ya Mtume (SAW) yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba haki ya mgeni ya kukirimiwa hasa ni siku moja na usiku wake, kwamba ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka; na kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji dhiki. Wapemba wenyewe wana methali ya jembe kwa siku ya tatu, nayo haikutoka mbali na hapo.

Huyo ndiye mgeni wa Mungu. Anayefika kijijini akiwa amekwama, amepotea au amechelewa boti, dini yake iwe ipi na rangi yake iwe ipi, huyo hadaiwi senti.

Lakini yuko mwengine. Huyu yuko kwao, miezi mitatu kabla ya safari, anatafuta chumba cha kukodi kwa siku anazozitaka, kwa bei anayoijua, na ana hiari ya kwenda kwetu au kwenda hotelini. Makubaliano yake ni ijara, yaani kukodisha manufaa yaliyo halali kwa malipo yanayojulikana na kwa muda unaojulikana. Mlango huo uko wazi katika vitabu vya fiqhi. Shekhe alitukumbusha Aya ya 29 ya Suratun-Nuur, inayoondoa lawama ya kuingia majumba yasiyo makaazi ya watu ambayo ndani yake mna manufaa. Wafasiri wengi wametaja miongoni mwake nyumba za kufikia wasafiri. Alitukumbusha pia kwamba maimamu walikhitilafiana juu ya kukodisha nyumba za Makka siku za Hija: Imam Abu Hanifa aliona lina karaha, Imam Shafii akaliruhusu. Ikiwa wanavyuoni wakubwa walilijadili jambo hilo juu ya mji mtukufu kuliko yote, basi sisi wa Pemba kulijadili juu ya kijiji chetu si ukaidi.

Mzee aliyeuliza alikubali tafauti hiyo, ila kwa sharti lake mwenyewe: kwamba mgeni wa mkataba asitufanye tukamsahau mgeni wa Mungu. Sharti hilo limeandikwa la kwanza katika daftari. Msimu uliopita lilijaribiwa mara moja, gari ya watalii ilipozama katika tope usiku wa mvua. Watu wawili walilala katika mojawapo ya nyumba zetu nne, na asubuhi mwenye nyumba alirudisha noti walizoziacha juu ya meza. Wenyewe walishangaa. Kijiji hakikushangaa, na kwa kweli tungeona aibu kama kingeshangaa.

Tungependa pia msomaji ajue kwamba Waislamu wengine wametutangulia. Malaysia imekuwa na mpango rasmi wa wageni kulala katika nyumba za vijijini tangu mwaka 1995, ulioanzia Temerloh katika jimbo la Pahang. Vijiji vinavyoshiriki vingi ni vya Wamalei, Waislamu watupu, wenye msikiti katikati na karamu za harusi ambazo mgeni hualikwa kukaa na kula kwa mkono kama wengine. Kinachotuvutia zaidi katika mpango huo ni kwamba mwenye kushiriki hasa ni kijiji. Nyumba kadhaa huungana chini ya kiongozi wao, husajiliwa pamoja, na mgeni huja kwa kijiji kabla hajaja kwa mtu. Nyumba moja ikijitenga ikafanya biashara hii peke yake, hugeuka kuwa ya uvumi. Zikiwa nne zenye daftari moja, huwa jambo la jamaa.

CHUMBA, MLANGO NA UA

Nyumba ya kwetu haikujengwa kwa ajili ya mtu wa kando. Baraza ni ya wanaume na wapitao, ukumbi ni wa jamaa, na ua ni wa wanawake. Mle uani mama hukaa kichwa wazi, hukuna nazi, hulaza mtoto, humsuka binti yake. Ukimpitisha mgeni wa kiume uani kwenda kuoga, umemnyang'anya mkeo nyumba yake hata kama hukuhamisha kitanda.

Kwa hiyo sharti la pili, na ndilo lililotugharimu zaidi, ni kwamba chumba cha mgeni kiwe na mlango wake wa nje na choo chake. Nyumba saba zilitaka kuingia mwanzoni. Tatu hazikuweza kwa sababu hii peke yake. Tulilaumiwa kwamba tumeweka kikwazo kwa wanyonge. Huenda lawama hiyo ina haki ndani yake, na tutaieleza mbele kidogo tunavyojaribu kuitatua, lakini sharti lenyewe hatukulilegeza.

Mengine yalifuata kwa wepesi kuliko tulivyodhani. Suratun-Nuur imetaja nyakati tatu za faragha, kabla ya alfajiri, wakati wa kulala mchana na baada ya isha, ambazo hata watoto wa nyumbani na watumishi hutakiwa wabishe hodi. Tulizichukua nyakati hizo hizo tukazifanya ndizo saa ambazo mgeni haitwi wala haiti. Wageni wamezipenda; kumbe nao wamechoshwa na hoteli ambazo mtu hugongewa mlango kuulizwa kama anataka taulo.

Mume akiwa dago, yaani amekwenda kambi ya uvuvi na hatarudi kwa siku kadhaa, nyumba yake haipokei mgeni mwanamume. Haidhuru mama mkwe yumo. Mgeni huhamishiwa nyumba nyengine, na nyumba iliyokosa zamu hupewa zamu ifuatayo ili riziki isiwe sababu ya kuvunja mpaka. Nyumba ya mjane mmoja, mwenye mabinti wawili wakubwa, hupokea wanawake watupu. Wengi wetu tulidhani itakosa wateja. Imekuwa ndiyo iliyopata wageni wengi kuliko zote, kwa kuwa wanawake wanaosafiri peke yao huitaka hasa nyumba ya namna hiyo na huipata kwa shida.

Pombe haiingii. Watu wawili wasio mume na mke hawapewi chumba kimoja. Huulizwa kwa upole kabla hawajafunga safari, na neno lao huaminiwa, kwani sisi si polisi. Sharti hili limetukosesha wageni, na tunajua litaendelea kutukosesha. Picha za wanawake na watoto hazipigwi bila ya idhini. Kuhusu mavazi, tuliona heri kutoa kuliko kukemea: nyuma ya kila mlango wa chumba cha mgeni zimetundikwa kanga mbili na kikoi kimoja, safi na zilizopigwa pasi, pamoja na karatasi yenye maneno machache ya kuwaeleza wageni namna tunavyotembea kijijini. Mpaka leo hajatokea aliyekataa. Masharti yote hutumwa kwa simu mgeni anapoomba nafasi, si anapofika. Mtu akishasafiri safari ndefu kisha ukamsomea makatazo mlangoni, umemkosea wewe.

HESABU BILA YA CHUMVI

Hapa ndipo wajumbe wa vijiji vyengine husogeza viti karibu, na hapa ndipo tunapolazimika kuwavunja moyo kidogo.

Bei yetu ni shilingi 40,000 kwa mtu kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Katika hizo, 4,000 huingia mfuko wa kijiji. Chakula hugharimu kiasi cha 10,000, kwa kuwa samaki na nazi hatununui kwa bei ya mjini. Kinachobaki kwa nyumba ni 26,000. Kutoka Juni hadi Septemba nyumba zote nne zilipata malazi 31 kwa jumla, tukihesabu kila mtu kwa kila usiku. Nyumba ya mjane ilipata tisa, mbili zilipata nane nane, na moja ikapata sita.

Sasa tazama upande wa matumizi. Kutoboa mlango ukutani, kujenga choo chenye maji na sakafu ya kuoshea, godoro, chandarua, kufuli na taa kuligharimu kiasi cha shilingi 1,400,000 kwa chumba kimoja. Gawa kwa 26,000 na utaona yanahitajika malazi 54 kabla chumba hakijalipa gharama yake. Kwa mwendo wa mwaka wa kwanza, mjane wetu, ambaye ndiye aliyefanikiwa kuliko wenzake, atahitaji misimu sita. Anayekwambia kwamba utalii wa kulala nyumbani utakutajirisha baada ya mwaka mmoja, ama hajapiga hesabu au anakuuzia saruji.

Ndiyo maana tumekataza, kwa kadiri kamati inavyoweza kukataza, mtu yeyote kuchukua mkopo wa riba ili ajenge chumba cha mgeni. Achilia mbali uharamu wake, hesabu yenyewe haibebi. Anayefaa kuanza ni yule mwenye chumba ambacho tayari kiko kitupu, kwa mfano cha binti aliyeolewa au cha kijana aliyehamia Unguja, na ambaye choo kipya angekihitaji hata kama mtalii asingekuja kabisa. Zile nyumba tatu zilizoshindwa tumezifikiria kwa njia ya kardhi hasana kutoka mfuko wa kijiji, mkopo usio na nyongeza, wa nyumba moja kwa zamu. Mfuko ulianza msimu ukiwa na michango ya Ijumaa iliyotengwa kwa kazi hii kwa ridhaa ya waumini, na fedha za wageni zimeongeza shilingi 124,000. Si nyingi. Zinatosha mlango na bawaba.

Kuna jambo moja la fedha ambalo lilileta maneno makali kuliko choo. Nani akabidhiwe malipo? Desturi ilikuwa kwamba mume ndiye anayezungumza na mgeni, basi mume ndiye anayepokea. Lakini anayeamka kabla ya alfajiri kuwasha moto, anayefua mashuka, anayekanda unga na anayefikiri usiku kucha iwapo mgeni amekula vya kutosha ni mke. Kazi ya jiko la biashara haimo katika wajibu wake wa ndoa, na alichokichuma mwanamke kwa jasho lake ni chake. Hilo Uislamu ulilithibitisha kabla ya sheria nyingi za dunia. Tuliamua kwamba malipo hukabidhiwa mwenye jiko mkononi, mbele ya mgeni, na yeye ndiye anayetoa fungu la mfuko. Mume aliyetaka fungu kwa ajili ya chumba na wakubaliane wao wawili. Nyumba moja ilijitoa kwa sababu ya sharti hili, kisha ikarudi baada ya mwezi. Kilichosemwa ndani ya mwezi huo hatukiulizi.

WANACHOKIFUATA WAGENI

Mwenyeji mmoja, kwa wema wake, alikwenda mpaka Wete kumnunulia mgeni wake tambi, soseji za kopo na jemu. Mgeni alikula kwa adabu, na siku ya pili akaomba kile walichokuwa wakila watoto uani, nacho kilikuwa muhogo wa nazi na dagaa. Tangu hapo hakuna aliyekwenda Wete. Mkate wa kumimina, pweza wa nazi, wali na mchuzi wa samaki, maembe ya boribo yakiwa ya msimu, na doriani kwa mwenye ujasiri wa kuinusa: hizo ndizo karamu wanazozisimulia wakirudi kwao.

Wanachokipenda kupita yote ni kile tunachokiona sisi ni kazi ya kuchosha. Jioni ya msimu wa karafuu, familia hukaa barazani kuchambua, vidole vikitenga karafuu na makonyo, watoto wakishindana, redio ikisikika kwa mbali. Mgeni akipewa pishi yake ya kuchambua, hukaa saa mbili hanyanyuki. Asubuhi huwafuata wanaoanika majamvini. Kupanda mkarafuu hatuwaruhusu, hata wakisihi, kwani matawi yake ni dhaifu na hospitali iko mbali.

Kisha kuna bundi. Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana pengine popote duniani: njiwa wa kijani, chozi, kijicho-cheupe na bundi mdogo wa msituni. Wako watu wanaovuka bahari mbili kuja kumsikiliza bundi huyo akilia usiku Ngezi, naye ni ndege ambaye sisi, akitua juu ya paa, humfukuza kwa mawe tukidhani ameleta msiba. Mtume (SAW) alikwisha kuzikanusha nuhusi hizo za zama za ujahili, na bundi ametajwa na wanazuoni katika kuzifafanua. Hivyo yule anayemrushia jiwe bundi ana makosa mara mbili, kwa imani na kwa mfuko. Kijana wetu anayewaongoza wageni msituni amejifunza kuuiga mlio wake, na wazee wa baraza hawajaamua bado kama hilo ni maendeleo.

Popo naye ni hivyo hivyo. Popo mkubwa wa Pemba mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amepungua hadi wataalamu wakahofia atatoweka. Aliwindwa na miti yake ikakatwa. Leo wanahesabika kwa maelfu, na wanakijiji wa Kidike, kaskazini ya Chake Chake, hupokea wageni wanaokuja kuwatazama wakining'inia mitini, na kiingilio hubaki kwao. Misali nako, kisiwa ambacho jina lake wazee wetu hulihusisha na msala wa Nabii Khidhr (AS), kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na wavuvi walifikishiwa ujumbe wa kukihifadhi kwa mafunzo ya Qur'ani kuhusu amana ya ardhi na bahari. Tunayataja haya kwa wale wanaosema kwamba msikiti hauna la kufanya na watalii.

PAPASI, VIBALI NA ARDHI

Habari zilipoenea kwamba kuna vyumba kijijini, walikuja papasi. Kampuni moja ya mjini nayo ilituma mtu aliyetaka tusaini kwamba nyumba zetu zitapokea wageni wake tu, kwa bei ambayo kwetu ingeacha chini ya nusu ya anachokilipa mgeni. Barua yake ilikuwa nzuri sana kwa maandishi. Tuliisoma mara mbili, tukairudisha. Hatukatai wenye magari kuleta wageni. Tunakataa kufungwa kamba shingoni na mtu ambaye hatalala hapa.

Upande wa Serikali, ushauri wetu kwa vijiji vyengine ni kuanza huko kabla ya kununua godoro. Sheha ajue, maana hakuna mgeni anayelala shehiani bila ya yeye kuarifiwa, na jina na pasi ya mgeni huandikwa daftarini usiku ule ule. Kamisheni ya Utalii Zanzibar iulizwe kuhusu leseni, na Mamlaka ya Mapato kuhusu kodi. Kila mgeni kutoka nje ya nchi hulipia bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, tangu Oktoba 2024. Wengi hulijua hilo uwanja wa ndege wakiwa wamechoka, na mwenyeji anayeweza kuwaeleza kwa utulivu huwapunguzia hasira. Kiingilio cha Ngezi hulipwa ofisini msituni, si kwa kijana aliyesimama njiani na kofia.

Hata hivyo, si leseni wala papasi waliotufanya tuendelee pale shauri lilipoonekana gumu. Ni yale tuliyoyaona Unguja. Sote tuna jamaa katika pwani ya mashariki na ya kaskazini waliopokea fedha kwa minazi na vipando vyao vya ufukweni, fedha ambazo wakati ule zilionekana nyingi. Zilijenga nyumba moja, zikaoza mke mmoja, zikaisha. Leo kijana wa ukoo ule ule hushika rungu getini, analinda mchanga ambao bibi yake alianikia dagaa, na ili kufika baharini hupita kichochoro kati ya kuta mbili. Ardhi Zanzibar ni mali ya Serikali, lakini haki ya kuitumia ikishatoka mkononi mwa kijiji hatujaona ikirudi. Mnunuzi ameshafika kwetu pia, mara mbili, akipima kwa hatua eneo la karibu na pwani. Mtu aliye na chumba cha kukodisha, hata cha kumpatia malazi tisa kwa msimu, ana la kumjibu. Asiye na kitu humuuliza tu bei.

Yako ambayo hatujayamaliza. Kubwa ni Ramadhani. Nusu ya wajumbe wanataka nyumba zifungwe mwezi mzima, kwa kuwa mama aliyefunga hapaswi kumpikia mtu chai ya saa mbili, na kwa kuwa kumi la mwisho si wakati wa kupokea simu za watalii. Nusu nyengine wanasema mgeni akiona futari ya kijiji, na watoto wakitoka taraweji na tochi zao, ataondoka na picha ya Uislamu ambayo hakuna kitabu kitakachompa. Wote wamesema kweli, na sisi tumeshindwa kupiga kura mara mbili. Mwaka huu kila nyumba iliachiwa hiari yake. Mbili zilifunga, mbili zikafungua, na chakula cha mchana kikapelekwa chumbani kikiwa kimefunikwa kawa.

Jengine ni vijana. Mmoja tu amerudi kutoka Unguja kwa sababu ya kazi hii, naye ni yule wa bundi. Mwengine alikuja kutazama, akakaa siku kumi, akapiga hesabu kama tulivyozipiga hapo juu, akarudi Paje. Hatukumzuia. Amesema ataleta wageni.

Nyumba ya tano, ambayo ni mojawapo ya zile tatu, imepewa kardhi yake mwezi uliopita. Fundi ameshalipwa nusu, na mlango wa nje utatobolewa masika yakipita, Inshaallah, ukuta ukishakauka.